Fundi wa Zana: Darubini ya Bunduki Isiyoshika Ziro

Katika mashamba ya mifugo yanayozunguka Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, magharibi ya Uganda, uwindaji wa leseni ulirejeshwa kwa majaribio mwaka 2001, na tangu hapo bunduki za kuwindia zenye darubini zimekuwa zikipita huko mikononi mwa wageni na waongozaji wao. Pamoja na bunduki hizo yamekuja malalamiko ambayo kila askari aliyepata kusimama kwenye uwanja wa shabaha anayafahamu: bunduki ambayo jana ilitoboa katikati ya shabaha, leo inatoboa kiganja kizima kando, na kesho itatoboa mahali pengine tena.

Jambo hilo si la aibu ya mpigaji peke yake. Eneo la moyo na mapafu la swala pala halizidi sana upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Risasi ikipotea kwa kiasi hicho, mnyama hukimbia na jeraha la tumbo, akafia kichakani baada ya saa nyingi za mateso. Akiwa nyati, mambo hugeuka, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa ana desturi ya kusimama ndani ya kichaka akimngoja amfuataye. Na anayeingia kichakani humo kummaliza kwa kawaida si mgeni aliyelipia leseni, bali ni mwongozaji na askari wa wanyamapori, wenye wake na watoto wanaowangoja nyumbani.

Ziro, kwa lugha ya uwanja wa shabaha, ni makubaliano baina ya darubini na mtutu: pale msalaba wa darubini unapoelekea, kwa umbali uliochaguliwa, ndipo risasi itakapotua. Makubaliano hayo huwekwa kwa kuzungusha vifundo viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Katika darubini nyingi za kuwindia kila tiki moja ya kifundo husogeza pigo kwa milimita 7 hivi katika umbali wa mita 100.

Wepesi huo wa vifundo ndio chanzo cha kosa kubwa la kwanza. Mtu hupiga risasi moja, akaiona imetua sentimita 8 kushoto, akazungusha tiki 11 kulia. Ya pili ikatua kulia mno, akazungusha kurudi. Baada ya risasi 20 bega limevimba, fedha zimekwisha, na bunduki ipo mbali na ziro kuliko ilipoanza. Bunduki nzuri ya kuwindia, mikononi mwa mtu wa kawaida, inaweza kutawanya matundu yake katika duara la sentimita 5 kwa mita 100 bila ya kuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo tundu moja halisemi kitu. Matundu matano yaliyopigwa bila kugusa kifundo chochote ndiyo yanayosema: yakiwa pamoja lakini kando ya shabaha, hiyo ni kazi ya kifundo, yakitawanyika ovyo, au kundi zima likihama kutoka siku moja hadi nyingine, basi kuna kitu kilicholegea au kilichovunjika, na kuzungusha vifundo ni kupoteza risasi bure.

Ni kitu gani hicho? Wengi hukimbilia kuishutumu darubini, kwa sababu ndiyo yenye vioo na ndiyo ya bei kubwa. Kijana mmoja askari wa wanyamapori alimpelekea sajini wake bunduki ya namna hiyo akisema, “Afande, darubini imekufa.” Sajini hakuchungulia hata kioo. Alitoa magazini, akavuta bolti nje, akahakikisha kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha akaishika darubini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, akajaribu kuzisokota taratibu. “Haijafa, kijana,” alisema. “Lete bisibisi.”

Sajini alijua hesabu ambayo wengi hawajapata kuifanya. Pete mbili zinazoishika darubini huachana kwa kiasi cha sentimita 12. Pete moja ikisogea kwa sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya kuandikia, pigo la risasi litahama kwa zaidi ya sentimita 8 katika mita 100, na zaidi ya sentimita 16 katika mita 200. Jicho haliwezi kuona mwendo mdogo kiasi hicho, wala mkono haupati kuuhisi mara zote. Ndiyo maana skrubu ndizo za kutazamwa kwanza.

Mwenye kulegeza skrubu ni teke la bunduki. Risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912 na hata leo ikiwa miongoni mwa zinazotumika zaidi kwa nyati katika Afrika, hupiga teke la nguvu karibu mara mbili ya ile ya .30-06. Bunduki inaporudi nyuma kwa ghafula, darubini yenye uzito wa nusu kilo hutaka kubaki ilipokuwa, na kila pigo huivuta mbele kidogo ndani ya pete zake. Mstari mwembamba unaong'aa kwenye bomba la darubini, mbele ya pete, ndio ushahidi wa safari hiyo.

Matengenezo yake hayahitaji kiwanda. Darubini na pete hufunguliwa zote, mpaka kufikia vile vikalio vya chuma vilivyofungwa juu ya mwili wa bunduki, maana mara nyingi skrubu iliyolegea imefichika chini kabisa, mahali ambapo hapaonekani mpaka pete zitolewe. Mashimo na skrubu husafishwa kwa spiriti na mswaki wa zamani hadi mafuta yote yatoke. Skrubu yenye mafuta hujifungua yenyewe. Vikalio hufungwa kwanza, kwa tone dogo la gundi ya skrubu, ile ya buluu, si nyekundu, kwani nyekundu haifunguki ila kwa moto. Kisha pete, kwa kuzunguka skrubu zote kidogo kidogo, nafasi za pande mbili zikibaki sawa.

Hapa nguvu za mikono huharibu. Pete nyingi huhitaji nguvu ya nyutoni-mita 2 hivi tu, na mtengenezaji huandika kiasi chake kwenye karatasi yake. Spana ndogo ya kupimia nguvu ni chombo cha kununuliwa kwa ushirika wa watu kadhaa. Mtu mwenye kifua akikaza kwa kadiri awezavyo, bomba la darubini hubonyea, na mitambo ya ndani hukwama, akawa ametengeneza ubovu uliokuwa haupo. Mwisho, mstari mwembamba wa rangi ya kucha hupakwa kuvuka kutoka pete hadi bomba, na mwingine juu ya kila skrubu. Mama wa nyumba huenda akashangaa kuombwa chupa yake, lakini mistari hiyo ikikatika siku moja, mwenye bunduki atajua palipohama bila kupiga risasi hata moja.

Skrubu za darubini zikiwa imara na ubovu ungalipo, mbao ya bunduki ndiyo inayofuata. Skrubu mbili kubwa za chini hufunga chuma na mbao. Zikilegea, mwili mzima wa bunduki hutikisika ndani ya kitanda chake. Tena mbao hunywa maji. Msimu wa mvua hufura na kuusukuma mtutu upande mmoja, msimu wa kiangazi huuachia. Karatasi ikipitishwa baina ya mtutu na mbao huonyesha pale zinapogusana. Ila zipo bunduki zilizotengenezwa makusudi zikutane karibu na ncha ya mbao, kwa hiyo asikwangue mtu kabla ya kujua yake ni ya namna gani.

Mengine ni ya kupita upesi. Risasi za viwanda viwili, au za uzito tofauti, hazitui mahali pamoja, na wala hazidaiwi kufanya hivyo. Risasi ya kwanza kupita katika mtutu wenye mafuta hupotea. Mtutu ufutwe mkavu kwanza. Mtutu uliopata moto upumzishwe. Wakati wa kupima, mfuko wa mchanga uwe chini ya mbao, kamwe usiwe chini ya mtutu. Jicho nalo likae mahali pamoja nyuma ya kioo kila mara, kwa sababu katika baadhi ya umbali msalaba huonekana kuhama juu ya shabaha endapo kichwa kitahama.

Baada ya hayo yote, na baada ya hayo tu, ndipo darubini yenyewe hushtakiwa. Ndani yake mna bomba dogo linalosukumwa na vifundo upande mmoja na kuzuiwa na springi upande wa pili. Springi ikichoka, kifundo huzunguka lakini bomba halifuati mpaka risasi inayofuata ilishtue. Ndiyo asili ya desturi ya wapiga shabaha wa zamani ya kukigonga kifundo baada ya kukizungusha. Jaribio lake ni la mraba: hupigwa risasi moja, vifundo vikazungushwa tiki 20 juu, ikapigwa nyingine, kisha 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, kila mara risasi moja, shabaha ikiwa ile ile. Tundu la mwisho likiwa jirani ya la kwanza, na pembe nne zimekaa vyema, darubini ni nzima. Zikipinda, irudishwe kwa mtengenezaji. Kuifungua mezani ni kuiua kabisa, kwa kuwa hewa kavu iliyojazwa ndani hutoka na ukungu huingia.

Mabaya mengi lakini huanzia nyumbani na njiani. Bunduki iliyoegemezwa nyuma ya mlango huanguka, na huangukia darubini. Bunduki iliyolazwa kwenye bodi tupu ya gari katika barabara ya murram hupigwa ngumi elfu moja kabla ya kufika porini. Watoto nao hupenda vifundo vinavyolia tiki. Sanduku lenye kufuli, bunduki tupu, risasi zimefungiwa mahali pengine: hilo sheria ya nyumba ingelitaka hata kama darubini isingekuwapo.

Waongozaji wengi humdai mgeni apige shabaha kwenye karatasi kabla ya kuingia porini, na wageni wengine huudhika, hasa wenye bunduki za thamani. Dai hilo lirudiwe kila bunduki inapoanguka, hata ikiwa ni siku ya mwisho na jua linazama. Risasi tatu kwa mita 100 zatosha. Zisipokaa pamoja, na darubini ikiwa ya aina inayochomoka, itolewe, mwindaji atumie vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu na asogee karibu. Kama bunduki haina vilengeo hivyo, ibaki kambini, na mwongozaji atoe yake.