Pepopunda: Sumu Moja, Chanjo Moja na Pengo la Kinga kwa Wanaume

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Kalenga, iliyopo katika Wilaya ya Iringa, inafahamika nchini kwa kuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa na kwa makumbusho yanayohifadhi fuvu lake, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wakazi wake wa leo, kama walivyo wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini, ni wakulima na wafugaji. Hulima kwa jembe, hutia samadi mashambani, na wengi hufanya kazi hizo bila viatu wala glovu.

Katika udongo wa namna hiyo, uwe wa Kalenga au wa mahali pengine popote duniani, huishi bakteria aitwaye Clostridium tetani, anayesababisha ugonjwa wa pepopunda. Utafiti wa vinasaba vya bakteria huyo uliofanyika katika miongo ya karibuni unaweza kuonekana kuwa ni habari ya maabara za mbali. Hata hivyo, matokeo yake yanajibu maswali mawili yanayomhusu kila mwananchi: kwa nini chanjo ya pepopunda haiwezi kusitishwa hata baada ya mafanikio makubwa, na kwa nini wanaume ndio walioachwa nyuma.

Bakteria na sumu yake

Mwaka 1884, mtafiti Arthur Nicolaier wa Göttingen, Ujerumani, alionyesha kuwa udongo wa kawaida ukiingizwa mwilini mwa mnyama unaweza kumsababishia pepopunda. Miaka mitano baadaye, Mjapani Kitasato Shibasaburo alifanikiwa kumtenga na kumkuza bakteria huyo katika maabara mjini Berlin. Mwaka 1890, Kitasato na Emil von Behring walithibitisha kuwa mwili wa mnyama unaweza kutengeneza kinga dhidi ya sumu ya bakteria huyo, ugunduzi uliofungua njia ya chanjo inayotumika hadi leo.

Ramani kamili ya vinasaba vya Clostridium tetani ilichapishwa mwaka 2003, nayo ilitoka Göttingen. Ilionyesha kuwa bakteria huyo ana kromosomu moja yenye herufi za vinasaba zipatazo milioni 2.8, pamoja na duara dogo la vinasaba liitwalo plasmidi, lenye herufi takriban 74,000. Jeni inayotengeneza sumu imo katika duara hilo dogo. Bakteria asiye na plasmidi hiyo huendelea kuishi, lakini hawezi kutengeneza sumu hiyo na kusababisha pepopunda.

Sumu yenyewe ni protini. Inakadiriwa kuwa nanogramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani sehemu 2.5 kati ya bilioni moja za gramu, zinatosha kumuua binadamu. Kutoka kwenye jeraha, sumu huingia katika ncha za neva za misuli na kupanda hadi kwenye uti wa mgongo. Huko hukata protini iitwayo sinaptobrevini, kama watafiti wa Padova, Italia, walivyobainisha mwaka 1992. Bila protini hiyo, neva zinazoituliza misuli hushindwa kupeleka ujumbe wake. Taya hukaza, mgongo hujipinda, na mgonjwa hupata mikakamao mikali huku akili yake ikiwa timamu.

Kwa nini chanjo moja inatosha

Bakteria huyu ana ndugu yake, Clostridium botulinum, ambaye sumu yake hupatikana katika vyakula vilivyosindikwa au kuhifadhiwa vibaya. Sumu hizo mbili zinafanana kwa asili na kwa namna zinavyofanya kazi, ingawa ya pili hulegeza misuli badala ya kuikaza. Lakini zipo aina zisizopungua saba za sumu ya botulinum, na kinga dhidi ya aina moja haimlindi mtu dhidi ya nyingine.

Sumu ya pepopunda ni ya aina moja tu kikinga. Watafiti waliolinganisha vinasaba vya bakteria kutoka nchi mbalimbali wamekuta kwamba jeni ya sumu haitofautiani sana baina yao. Hivyo, chanjo iliyotengenezwa kwa sumu iliyoondolewa makali inamkinga mkulima wa Kalenga sawa na inavyomkinga mkazi wa Tokyo. Hakuna haja ya kuibadilisha mara kwa mara kama chanjo ya mafua.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa kati ya ugonjwa huu na magonjwa kama surua au polio. Pepopunda haiambukizwi kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Bakteria wake hujifunika ganda gumu na kugeuka spora, zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi na kustahimili ukame na joto kali. Kwa sababu hiyo, pepopunda haiwezi kufutwa duniani, na kijiji kizima kilichochanjwa hakimkingi mtu mmoja ambaye hakuchanjwa. Zaidi ya hayo, kiasi cha sumu kinachoweza kuua ni kidogo kuliko kile kinachohitajika kuuamsha mwili ujenge kinga. Aliyeugua na kupona naye hana budi kuchanjwa.

Mafanikio na pengo

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Mwaka 2012, Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya kina mama wazazi na watoto wachanga. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kuwa na chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, katika kila wilaya, kila mwaka. Mafanikio hayo yalitokana na chanjo zinazotolewa katika kliniki za wajawazito, kujifungulia mahali safi na utunzaji bora wa kitovu cha mtoto.

Njia hiyo, kwa asili yake, haikumfikia mwanaume mtu mzima. Wanawake wengi wameongezewa kinga kila walipopata ujauzito, ilhali mwanaume aliyechanjwa utotoni, ikiwa alichanjwa, kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Tathmini ya wagonjwa 102 waliotibiwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kipindi cha miaka kumi, iliyochapishwa mwaka 2011, ilionyesha kuwa wanaume walikuwa wengi mno kuliko wanawake, na kwamba zaidi ya wagonjwa 4 kati ya kila 10 walifariki dunia. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha Kenya, Tanzania na Msumbiji, ulibaini pengo la kinga kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 na kwa wanaume wa miaka 15 na kuendelea.

Mkoa wa Iringa una sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Mwaka 2010, kampeni ya tohara ya hiari kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya VVU iliwahudumia zaidi ya wanaume na wavulana 10,000 mkoani humo kwa wiki sita tu. Baadaye, baada ya visa vichache vya pepopunda kuripotiwa miongoni mwa waliotahiriwa katika nchi kadhaa za Afrika, mwaka 2016 WHO ilishauri kuwa huduma hiyo iende sambamba na chanjo ya pepopunda na usafi wa kidonda. Mwitikio wa mwaka 2010 ulithibitisha kuwa wanaume hujitokeza kwa wingi huduma inapowafikia. Kwa hiyo, kampeni kama hiyo ni fursa ya kuwafikia kwa chanjo pia.

Wajibu wa mwananchi

WHO inashauri dozi sita: tatu katika utoto mchanga, kisha za nyongeza katika umri wa miezi 12 hadi 23, miaka 4 hadi 7, na miaka 9 hadi 15. Anayeanza kuchanjwa akiwa kijana au mtu mzima anahitaji dozi tano ili apate kinga ya kudumu.

Mzazi hana budi kukamilisha chanjo za mtoto na kuitunza kadi yake. Mwanaume anayefanya kazi za shamba, mifugo, ujenzi au mbao aulize kituo cha afya kilicho karibu naye kuhusu chanjo hii kabla hajaumia. Aliyechomwa na msumari, mwiba au jembe aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, asipake kinyesi cha mifugo, majivu wala udongo, kisha aende kituoni siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Dalili za pepopunda mara nyingi huanza baada ya siku kadhaa, wakati kidonda kinaweza kuwa kimeshafunga na mhusika ameshakisahau.