Udongo Safi Hausafishi Moshi

"Hii haina kemikali, ni ya asili tupu." Kwa kauli hiyo Bujumbura inauziwa mizizi ya kuchemsha, mafuta ya kuchua, asali ya porini, na siku hizi hata bangi. Anayeitetea atakueleza kwamba yake si ile ya kichakani. Imekuzwa nyumbani, ndani ya banda la plastiki, kwenye udongo hai uliojaa minyoo, bila punje ya mbolea ya kiwandani wala tone la dawa ya wadudu. Kwa hiyo haina madhara. Hitimisho hilo ni la uongo, na vijana wetu wanalimeza kwa sababu limevishwa nguo ya ukweli.

Ukweli wenyewe ni huu: udongo hai ni kitu cha kuheshimiwa. Chota konzi moja chini ya matandazo yaliyokaa miezi kadhaa. Utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeshikana na vijizizi, mnyoo anajikunja kukwepa mwanga, na harufu ile ya mvua ya kwanza inakupanda puani. Harufu hiyo inatokana na bakteria walio hai humo ndani. Kuvu hao huipelekea mizizi fosforasi ambayo isingeifikia peke yake, nayo mizizi huwalipa sukari. Mama anayelima lengalenga kwenye tambarare ya Imbo, akafukia mabaki ya mavuno na samadi badala ya kuyachoma, anaujua utajiri huo hata kama hajapata kuusoma popote. Burundi ina milima iliyochoka, yenye asidi nyingi, ambayo kila msimu mvua huisomba kuelekea Tanganyika. Nchi kama hii inahitaji udongo hai kuliko maneno mengi ya mikutanoni. Sina ugomvi na minyoo.

Ugomvi wangu ni na ule mruko wa kutoka kwenye udongo hadi kwenye mapafu na ubongo wa mtu. Mzizi haunywi samadi kama samadi. Unasubiri bakteria waivunje, kisha unafyonza nitrati, na nitrati hiyo ni ileile iwe imetoka kwenye kinyesi cha ng'ombe au kwenye mfuko wa mbolea ya kiwandani ya Fomi. Baada ya hapo mmea unafanya kazi yake. Kilevi kiitwacho THC hakiwekwi na mkulima, wala hakitoki dukani. Mmea unakitengeneza wenyewe, ndani ya vitezi vidogo vinavyong'aa juu ya ua la jike. Ukiulisha vizuri, unakitengeneza vizuri.

Hapa ndipo hoja ya watetezi inapojivunja yenyewe. Wakulima wa Marekani Kaskazini walioeneza mtindo huu, wa bangi ya udongo hai kwenye mabanda ya nyumbani, hawajisifu kwamba mazao yao ni dhaifu. Wanajisifu kwa utomvu mwingi, harufu kali na nguvu zaidi. Sasa inakuwaje sifa hiyo ikivuka bahari na kufika mitaa yetu ya Bwiza au Nyakabiga igeuke kuwa upole? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi walipima bangi iliyokamatwa Marekani na kukuta wastani wa THC ulikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995, ukafika asilimia 12 mwaka 2014. Kilichoipandisha hivyo si mbolea ya chumvi. Ni uchaguzi wa mbegu, na kuyatenga majike yasichavushwe, na hayo yote mtu anaweza kuyafanya kwenye udongo msafi kuliko wote duniani. Anayeagiza mbegu hizo kisha akasema anavuta kile walichovuta wazee wa milimani anawadanganya wenzake.

Na nguvu hiyo ina gharama inayojulikana. Mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliowafuatilia vijana zaidi ya 45,000 wa Sweden waliokuwa wameitwa jeshini. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kufikia umri ule walipata ugonjwa wa skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta kabisa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil, ulionyesha kwamba mtu anayevuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi yuko karibu mara tano zaidi katika hatari ya kupatwa na wazimu. Si kila mvutaji anaugua; wengi hawaugui, na wapo wanaobisha kama bangi ndiyo chanzo chenyewe au ni kichocheo kwa aliye na udhaifu tayari. Lakini hakuna mahali popote ambapo samadi ilimkinga mtu. Familia zinazompeleka kijana kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge zinajua zilikofikia, na sidhani kama ipo iliyofarijika kusikia kwamba majani yalikuwa ya asili.

Tumbaku ilitufundisha somo hili zamani. Kampuni ya sigara za Natural American Spirit ilijijengea jina kwa tumbaku isiyo na viungo na iliyolimwa bila kemikali, hadi serikali za majimbo ya Marekani zikaibana. Mwaka 2010 ilikubali kuandika kwenye matangazo yake kwamba tumbaku ya kilimo hai haimaanishi sigara iliyo salama zaidi. Jani lolote likiungua linatoa lami na kaboni monoksaidi. Mwaka 1988 watafiti wa Los Angeles waliwapima watu waliokuwa wakivuta bangi na tumbaku. Kwa bangi walivuta ndani lami kama mara tatu zaidi, na kaboni monoksaidi iliyoongezeka kwenye damu ilikuwa karibu mara tano, kwa sababu mvutaji wa bangi huvuta kwa kina na kuushikilia moshi kifuani.

Hata hilo neno "asili" lenyewe lisitupumbaze. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi. Mengi yalikuwa mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu wanaotoa sumukuvu ya aflatoksini. Hakuna kiwanda kilichohusika. Na banda la plastiki hapa Bujumbura, pembeni ya ziwa, kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa msimu wa mvua, ni nyumba ya ukungu. Fungua ua nene la bangi lililokauka vibaya, utakuta katikati vumbi la kijivu. Mbegu za kuvu wa jamii hiyohiyo iliyoua Makueni zikivutwa na mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, zinaweza kuota ndani ya mapafu.

Lipo na suala la metali, ambalo wapenzi wa udongo hai hawapendi kulisikia. Bangi ni mmea mroho. Inafyonza kadmiamu na madini ya risasi kwa wepisi kiasi kwamba jamii yake ya nyuzi, katani ya bangi, imejaribiwa kusafisha ardhi iliyochafuka, hata karibu na Chernobyl. Kwenye jaa la Buterere betri, rangi na vyuma vimelala pamoja na maganda ya ndizi, na mtu akichota mboji mahali kama hapo bila kuipima anachota vyote. Bakteria wanaweza kuvunja jani, mfupa, hata baadhi ya viuatilifu. Risasi hawaivunji, kwa kuwa ni elementi na haina pa kuvunjikia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitangaza kwamba damu ya wavuta bangi wa Marekani ilikuwa na risasi na kadmiamu zaidi ya asilimia 20 juu ya wasiovuta bangi wala tumbaku.

Nimejibiwa: mbona Umoja wa Mataifa umeitambua bangi kuwa dawa? Ni kweli kwamba tarehe 2 Desemba 2020 kamisheni yake ya dawa za kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi kwenye jedwali la dawa hatari zenye faida ndogo ya tiba. Ikaiacha kwenye jedwali la kwanza, chini ya udhibiti. Rwanda nayo imeruhusu kilimo chake kwa ajili ya tiba na kuuza nje, huku ikiendelea kuwakataza raia wake kuivuta. Dawa ya kifafa ya Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, inatokana na mmea huu, lakini ni kiini kimoja kisicholevya, kimechujwa, kikapimwa kwa miligramu na kuandikiwa mtoto kwa uzito wake. Kilichoifanya kuwa dawa ni kipimo, na banda la nyuma ya nyumba halina kipimo.

Wala siandiki kuwaita polisi. Sheria ya Burundi inakataza bangi, nayo gereza la Mpimba limeshajaa kupita kiasi. Kuongeza kijana mwingine humo hakutamponya. Ninachotaka ni mazungumzo ya kweli kati ya watu wazima na vijana wao. Kijana wa miaka 15 hawezi kujilinda na kitu ambacho baba yake, mjomba wake au mwanamuziki anayempenda amemwambia ni mboga. Mwambieni kina THC kiasi gani au kwamba hakuna aliyepima. Mwambieni ubongo wake bado unajengeka. Mwambieni katika ukoo wenu kuna nani aliyewahi kuugua akili, kwa maana hilo ndilo linaloongeza hatari yake, na mara nyingi sisi wazazi ndio tunaolificha.