Simo za Askari wa Marekani Vitabuni

Watu waliolazwa kambi moja kwa miezi mingi, wakila chakula kimoja na kuviziwa na mauti yale yale, hawakosi kuzua lugha yao wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa askari wa Marekani, na waandishi waliotoka miongoni mwao walitaka lugha hiyo iingie vitabuni kama walivyoisikia. Haikuwa kazi rahisi.

Norman Mailer alitumikia jeshi huko Ufilipino katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa riwaya yake The Naked and the Dead. Humo vijana hupigwa risasi, huoza msituni, mmoja huporomoka gengeni. Kwa hayo wachapishaji hawakumzuia. Walichokikataa ni tusi moja la herufi nne, ambalo askari hulitamka kama mtu avutavyo pumzi. Mailer akalazimika kuliandika kwa herufi tatu, "fug". Yaani maiti aweza kuwekwa mbele ya msomaji, lakini tusi haliwezi! James Jones naye alifyekewa maneno mengi katika From Here to Eternity, ya mwaka 1951. Yalirudishwa mwaka 2011, yeye mwenyewe akiwa kaburini zaidi ya miaka 30.

Hata hivyo matusi ndiyo sehemu nyepesi ya lugha hiyo. Tim O'Brien, aliyekuwa askari Vietnam mwaka 1969 hadi 1970, aonyesha jambo zito zaidi katika The Things They Carried, ya mwaka 1990. Askari wake hawasemi kwamba mwenzao amekufa. Husema amepakwa grisi, au amewashwa kama taa. Maneno hayo yachekesha, na ndilo kusudi lake. Kijana wa miaka 19 au 20 aliyemfunga mwenzake katika koti la mvua na kumpakia helikopta hana nafasi ya kulia, kwa kuwa usiku ule ule yampasa kushika zamu.

Hapo ndipo mtafsiri wa Kiswahili apatapo taabu. Waswahili nao hukwepa kulitaja jambo hilo waziwazi. Husema mtu ametutoka. Lakini wao hulificha kwa heshima, askari hulificha kwa mzaha. Mtafsiri akiandika "amefariki", amemvua askari yule ngao yake pekee.

Simo nyingine za Vietnam zatafsirika bila shida. Nyumbani Marekani palikuwa "Ulimwenguni", kana kwamba wao walikuwa nje ya dunia. Naye aliyebakiwa na siku chache tu katika miezi yake 12 aliitwa "mfupi", hata kama kimo chake kilikuwa cha mnazi.