Msituambie "Bora Uzima"

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 2020, simu yangu ililia kabla ya misa ya kwanza. Picha moja, bila maneno: jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lile jeupe lenye saa juu, na moshi ukifuka palipokuwa na paa. Sijapata hata cha kujibu kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pale, mwenzetu mmoja alikuwa ameshatoa hukumu: "Bora uzima, jamani. Jengo hujengwa." Wakafuata saba na alama za mikono ya dua.

Nina ugomvi na maneno hayo, na nimekaa nao muda mrefu.

Kweli, hakukuwa na maiti. Moto ulizuka usiku, chuo kikiwa kimefungwa kwa ajili ya korona, na kwa hilo Mungu ashukuriwe. Lakini "bora uzima" ni maneno ya kumwambia aliyeangushwa na bodaboda akainuka anajikung'uta vumbi. Ukimpelekea mtu ambaye nyumba iliyomlea imeungua, humfariji, unamwambia anyamaze. Nasi tuna ustadi wa kunyamazishana kwa upole.

Nyuma yake kuna imani inayojiona ni hekima: chuo ni watu, kuta ni matofali, elimu iko kichwani. Kichwani mwa nani? Kichwani mwangu mengi yameshahama. Siku hizi siwezi kukuchorea hata mchoro mmoja wa uchumi niliokesha nikiukariri. Ila naweza kukutembeza kwa macho yaliyofumbwa kutoka Wandegeya, rolex ya moto, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, ikilowesha karatasi yake mkononi, hadi kwenye uwanja ulio mbele ya jengo lile, huku makaloli, wale korongo wakubwa, wamesimama mitini kama mawakili waliokosa kesi. Mambo niliyosahau yapo njiani humo. Nikipita, baadhi hunirudia. Mtu hakumbuki hewani, hukumbuka mahali.

Na kama kuta ni matofali tu, mbona sote tulikwenda kupigia picha ya mahafali chini ya saa ile? Hakuna aliyepiga na mhadhiri wake wa takwimu. Picha yangu iko sebuleni kwetu Bukoba, ndani ya kioo. Mama hajawahi kuvuka mpaka wa Mutukula, lakini mgeni akija humwonyesha kwanza jengo, halafu ndipo ananionyesha mimi.

Wapo wenye hoja kali zaidi: mnalilia jumba la mkoloni. Sawa, mkoloni alilijenga, likakamilika 1941. Alitaka wasaidizi. Miaka miwili baadaye akaingia kijana wa Kizanaki aitwaye Julius Nyerere, rangi ya kuta ikiwa bado mpya, na wengine waliopita mlima ule wa Makerere, Obote, Kibaki na Mkapa, hatuhitaji kuwatambulisha. Hata kaulimbiu ya chuo, iliyokuwa ikiwahimiza wanafunzi wawe wanaume, ilibidi itupwe baada ya wasichana 6 wa kwanza kuingia mwaka 1945. Ikawa ya kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Nyumba haibaki kuwa ya aliyetoa ramani. Huwa ya walioikalia wakaibadilisha adabu.

Mkapa alimaliza pale mwaka 1962. Tulimzika Lupaso mwishoni mwa Julai 2020, na miezi miwili haijatimia likaungua jengo alilopita ujanani. Kwa mzee tulilia siku nzima nzima redioni. Kwa jengo tukaambiwa tuwe na akili.

Lakini machozi yangu si hoja, na kama "ni jengo tu" ingekuwa inaumiza hisia za wazee wachache, ningeiacha ipite. Ubaya wake ni kwamba husemwa kabla ya moto. Husemwa kwenye kikao cha bajeti, pale mtu anapouliza habari za nyaya chakavu, za vizimamoto, za nakala za mafaili, akajibiwa kuna mambo ya msingi zaidi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa Makerere. Nasema nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, mahali pengine, nikainamisha kichwa kama wenzangu, na chai ikaletwa.

Makamu mkuu wa chuo aliahidi asubuhi ileile kwamba jengo litarudi katika hali yake ya kihistoria. Na likarudi, kwa fedha za serikali, likafunguliwa mwaka 2024 na sura yake ileile. Wale wa "jengo hujengwa" wakajiona wameshinda. Haya, jengo hujengwa. Lakini mlikuwa na ofisi za utawala mle, na ofisi zina makaratasi. Faili likiungua halina mkandarasi.

Angalieni Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia Chuo Kikuu, ukala chumba cha kusomea cha Jagger. Vikateketea vitabu na machapisho kama 70,000 ya masomo ya Afrika, na karibu hazina yote ya filamu. Hasara ya kutisha. Hata hivyo sehemu kubwa ya nyaraka adimu zilizokuwa chini ilipona na moto, kwa sababu milango ya kuzuia moto ilijifunga. Maji ya wazimamoto yakatiririka huko chini, na ndipo watu wakajitolea, wanafunzi na wakazi wa mji, wakapokezana makreti ya karatasi zilizolowa, mkono kwa mkono. Picha za mikono ile ziliwaliza wengi. Mimi nawaza ile milango. Miaka mingi kabla ya moto, mtu fulani alikuwa amezionea uchungu karatasi zile mpaka akazitafutia fungu kwenye bajeti. Mtu huyo hakuwa wa "ni makaratasi tu".

Nami nitajitetea vipi? Tangu nivue joho sijawahi kutuma Makerere hata shilingi ya kununulia balbu. Nilidhani kupenda kunatosha, kwa kuwa jengo lipo na litakuwepo. Hiyo nayo ni "jengo tu", imevaa shati safi.

Usiku wa Jumapili ile, kama saa sita hivi, kundi likiwa kimya, yule mwenzetu wa "bora uzima" alituma picha ya zamani iliyopigwa upya kwa simu, mwako wa taa ukionekana kwenye kioo cha fremu. Ni yeye, mwembamba, joho limempwaya, viatu vya kuazima, na juu ya kichwa chake saa ya mnara. Hakuandika neno. Asubuhi nilikuta ameifuta, lakini nilikuwa nimeshaihifadhi.