Wang-Lei inahitaji wazee pia

Sikubali kwamba mpaka wa hifadhi unatosha kulinda mahali patakatifu. Tazama Wang-Lei, kwenye Nile karibu na Pakwach nchini Uganda, ambapo masimulizi ya Waluo yanasema ndugu wawili, Gipir na Labongo, walitengana kwa ugomvi wa mkuki na ushanga, shoka likazikwa kuwa ishara ya utengano huo. Hifadhi jirani ya Murchison Falls ilitangazwa 1952 kulinda wanyama, si matambiko. Wanaosema wazee hawana nguvu, waangalie Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda kule Kenya: misitu ile ilidumu kwa miiko ya wazee muda mrefu kabla ya kuingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Serikali isaidie, ndiyo, lakini wazee Waaluri wa Mahagi, wanaojihesabu uzao wa Gipir, waulizwe pia, hata kama mpaka wa nchi umewaacha upande wa Kongo.