Kabla hujapeleka tumbo kwenye kisu



Akina mama wa hapa Moshi, kuanzia Pasua hadi Machame, wananiuliza juu ya upasuaji wa kupunguza tumbo. Mwingine amezaa mara nne, ngozi imelegea na mume keshaanza kejeli. Jambo hili si la Ulaya tena. Hata Muhimbili, tawi la Mloganzila, wanatoa huduma za upasuaji wa urembo.

Tuanze na dini. Kubadili umbile la Allah kwa ajili ya urembo tu kumekatazwa. Lakini Mtume (SAW) alimruhusu sahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani, kuweka pua ya dhahabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, nalo lilitenganisha kurekebisha kasoro na kufuata matamanio. Basi ngiri ya kitovu, au misuli iliyoachana kwa uzazi ikaleta maumivu, ni tiba. Kutafuta kiuno cha kwenye televisheni ni suala jingine. Muulize sheikh kabla ya daktari.

Pili, pimwa. Tumbo kubwa laweza kuwa uvimbe wa kizazi, maji yatokanayo na ini au mimba. Na upasuaji huu si dawa ya unene. Kama bado unataka kuzaa, subiri, maana mimba italegeza tena.

Ukishaamua, mweleze daktari kila dawa unayotumia: aspirini, vidonge vya uzazi wa mpango, hata miti shamba. Zipo zinazozidisha kuvuja damu na zipo zinazoigandisha. Sukari, presha na upungufu wa damu vitibiwe kwanza. Sigara na shisha viachwe si chini ya wiki nne kabla, kwani huchelewesha kidonda kupona.

Katika usafi, kunyoa nywele za siri ni sunna, lakini usishike wembe siku za karibu na upasuaji. Mikwaruzo yake ni mlango wa vijidudu. Oga vizuri kwa sabuni. Kucha zisiwe na hina wala rangi, kwa sababu kipimo cha hewa katika damu husoma kidoleni.

Baada ya upasuaji tembea mapema, damu isigande miguuni. Usiloweshe kidonda, muulize sheikh namna ya kupangusa juu ya bandeji au kutayamamu, na uswali umekaa ukishindwa kusujudu. Kwa kiasi cha wiki sita usinyanyue kizito. Hapo ndipo tunaposhindwa huku mlimani, kwani ndoo ya maji, mkungu wa ndizi na majani ya ng'ombe vinamsubiri mama yule yule. Mume asiye tayari kuvibeba asimpeleke mkewe hospitali.

Wazee wetu walimheshimu mzazi kwa mtori na mapumziko. Leo tunamheshimu kwa kejeli? Ewe mume, tumbo hilo liliwabeba wanao. Kama sababu pekee ya kisu ni ulimi wako, basi tibu ulimi kwanza; ni bure, na hauhitaji dawa ya usingizi.

Allah atupe afya na staha. Amin.