Mabadiliko ya Matumizi ya Ardhi Singida: Ukame Si Sababu Pekee

Mkoa wa Singida hupata mvua chache, tena za msimu mmoja, kati ya Novemba na Mei. Kwa sababu hiyo, malisho na vichaka vinapogeuzwa kuwa mashamba, wengi huutaja ukame kuwa chanzo. Ukame una nafasi yake, lakini peke yake hautoshi kueleza kwa nini sura ya ardhi katika vijiji vya mkoa huo inabadilika.

Sababu ya kwanza ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 mkoani humo. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,008,058. Hilo ni ongezeko la watu 637,421, sawa na asilimia 46.5 katika miaka kumi. Ardhi, kwa upande wake, haikuongezeka. Aidha, sehemu kubwa ya kusini mwa mkoa imo katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambako kilimo hakiruhusiwi. Vijana wanaoanzisha kaya hugawana shamba la wazazi au huelekea kwenye malisho.

Sababu ya pili ni soko. Kwa vizazi vingi, uwele na mtama vililimwa zaidi kwa ajili ya chakula, na ukubwa wa shamba ulifuata mahitaji ya kaya. Alizeti imebadilisha hesabu hiyo. Zao hilo linastahimili upungufu wa mvua, lina viwanda vya kukamua mafuta vilivyo karibu, na mwaka 2021 Serikali iliiweka Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, katika mikoa ya kimkakati ya kulizalisha. Wilayani Manyoni, korosho nayo imeingia kupitia kilimo cha mashamba makubwa ya pamoja. Barabara za lami zinazouunganisha mkoa na Dodoma na Kanda ya Ziwa zimerahisisha kufikisha mazao sokoni, na hivyo kuipa thamani ardhi ambayo awali haikugombewa.

Mafanikio hayo yana gharama isiyoonekana haraka. Katika kilimo cha asili cha Singida, ng'ombe na shamba vilitegemeana: mifugo ililishwa mbugani, samadi yake ikarutubisha mashamba yaliyo karibu na makazi. Malisho yanapopungua, mifugo hupungua au huhamishiwa mbali, na samadi hupungua pia. Rutuba ikishuka, mavuno kwa ekari hushuka, na mkulima hulazimika kufyeka eneo jipya ili apate kiasi kilekile. Mwaka wenye mvua haba huongeza kasi ya mzunguko huo. Hapo ndipo ukame unapoingia: unakuta ardhi iliyokwisha kuchoka.

Malisho ndiyo hupotea kwanza kwa sababu ni ya wote. Shamba lina mwenyewe wa kulitetea. Mbuga ya kijiji isiyopimwa wala kuwekewa mipaka humegwa kidogo kidogo, na madhara huonekana pale njia ya mifugo inapokuwa imezibwa na wakulima na wafugaji wameanza kuzozana.

Sheria zimeweka kinga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaelekeza namna ya kuandaa mpango wa kijiji, na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 inahusu ulinzi wa malisho.

Hata hivyo, mpango uliobaki kabatini haulindi malisho. Ni wajibu wa wananchi kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji, kuuliza ramani inaonesha nini, na kuhakikisha malisho, njia za mifugo na vyanzo vya maji vimewekewa alama ardhini kabla ya mashamba mapya kugawiwa. Alizeti na ng'ombe vinaweza kuishi pamoja Singida, kwani mashudu ya alizeti ni chakula cha mifugo na samadi ni mbolea ya alizeti. Kinachohitajika ni kila kimoja kutengewa mahali pake mapema, wakati nafasi bado ipo.